Uje Zanzibar Msimu Gani? Anza na Upepo, Kisha Tazama Mwezi

Karibu kila wiki napata ujumbe wenye swali lile lile: "Kaka, mwezi gani mzuri wa kuja Zanzibar?" Linatoka Mwanza, linatoka Nairobi, linatoka kwa watu wa Dar ambao wako saa mbili tu kwa boti. Nyumbani kwetu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, tunalaza wageni katika vyumba vichache nyuma ya nyumba ya mama, kwa hiyo nimejibu swali hili mara nyingi mno. Nimeona kwamba jibu la neno moja linawaumiza watu. Ukimwambia mtu "njoo Julai", anakuja Julai, anafikia upande unaopigwa na upepo, na anaondoka akisema Zanzibar haina bahari ya kuogea.

Mwaka juzi walikuja bwana na bibi harusi kutoka Dodoma. Walifika saa nne asubuhi, mabegi bado mkononi, wakapitiliza mpaka ufukweni. Bibi harusi akavua viatu, akashuka ngazi mbili, akasimama. Mbele yake kulikuwa na mchanga mtupu, madimbwi, vijiti vya mwani vimepangwa mistari, na wanawake wameinama mbali kabisa. Mawimbi yalikuwa mstari mweupe kwenye mwamba, kama kilomita moja kutoka aliposimama. Akanigeukia: "Kaka, bahari iko wapi?"

Mwezi waliochagua ulikuwa mzuri. Siku ndizo hawakuzitazama, na hakuna aliyewaambia wazitazame. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Ufuate kwa mpangilio wake: jambo unalolijia kwanza, halafu upepo, halafu upande wa kisiwa, halafu mwezi wa angani. Bei na tiketi vije mwisho.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Kalenda yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Zile za ukutani zinazogawiwa na maduka zinatosha kabisa, na kwenye simu zipo pia.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Zanzibar kwa mwezi unaoufikiria. Linapatikana bure kwenye intaneti.
- Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Hutoa utabiri wa masika na wa vuli kabla ya misimu hiyo kuanza, na kila siku hutoa taarifa ya upepo na mawimbi.
- Siku zako kamili za likizo, kwa tarehe. "Katikati ya Agosti" haitoshi, na utaona kwa nini ukifika hatua ya nne.
- Orodha ya mnaosafiri pamoja. Mtoto wa miaka mitatu, mama mwenye presha na kijana anayetaka kuzamia hawapangiwi siku za namna moja.
- Namba ya simu ya mtu anayekaa pwani hasa, siyo wakala aliye mjini. Mwenye nyumba ya wageni, nahodha wa ngalawa, au binamu yako wa Nungwi.

Hatua ya 1: Andika jambo moja unalolijia

Chukua karatasi uandike jambo moja tu. Kuogelea na watoto. Kuzamia na kuona samaki. Kuona pomboo. Kutembea Mji Mkongwe na kula Forodhani. Tamasha. Kupumzika bila fujo. Kwenda Pemba.

Najua unataka yote, lakini kila msimu hapa una kinachofunguka na kinachofungwa. Aliyekuja kutembea mji hasumbuliwi na upepo wa kusi, tena ataushukuru kwa ubaridi wake. Aliyekuja kuzamia kisiwa cha Mnemba, upepo ule ule unaweza kumfungia ndani siku tatu. Jambo lako la kwanza ndilo litakaloamua pale mengine yatakapogongana.

Hatua ya 2: Linganisha jambo lako na upepo

Sisi tunahesabu mwaka kwa pepo na mvua, na ukishaelewa vipindi vinne, mengine yanakuwa mepesi.

*Kaskazi, Desemba hadi Machi.* Upepo unatoka kaskazini-mashariki. Januari na Februari ndiyo kiangazi chenyewe: jua kali, mchana nyuzi 32 au 33, na usiku haupoi sana. Bahari ni ya uvuguvugu, na katika siku za upepo mdogo maji huwa angavu. Ni kipindi kizuri cha kuzamia na kuogelea, hasa Februari hadi mwanzo wa Machi. Ubaya wake ni joto. Mgeni kutoka Arusha au Iringa anaweza kushindwa kulala chumba kisicho na feni nzuri, kwa hiyo uliza habari ya feni kabla ya kuuliza habari ya mandhari.

*Masika, mwisho wa Machi hadi Mei.* Hii ndiyo mvua kubwa. Aprili peke yake huleta zaidi ya milimita 300 kwa kawaida. Watu huniuliza, "Je, inanyesha siku nzima?" Mara nyingi hapana. Inamwaga saa mbili tatu kwa nguvu, inaacha, jua linatoka, kisha inarudi usiku. Lakini kuna siku inashika tangu alfajiri mpaka magharibi, na kuna wiki zinapangana siku tatu nne za hivyo. Bahari hupata tope karibu na pwani na maji hayaonyeshi. Baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa kwa matengenezo. Na wazee walishasema, hakuna masika yasiyo na mbu: beba dawa ya kupaka na hakikisha chumba kina chandarua.

*Kusi, Juni hadi Septemba.* Upepo unatoka kusini-mashariki na una nguvu kuliko kaskazi. Juni hadi Agosti ni kipupwe: hewa nyepesi, anga safi, usiku nyuzi 20 na kitu, na wenyeji wanavaa sweta alfajiri. Kwa kutembea, kwa watu wazima na kwa wasiopenda joto, hakuna kipindi kizuri kama hiki. Vimvua vifupi vya mchoo hupita lakini havizuii mtu. Kwa bahari, kusi ni kipindi cha kuchagua upande kwa makini sana, nitakueleza hapo mbele. Nyangumi hupita pwani zetu katika miezi hii wakitoka bahari za baridi za kusini, na wavuvi wa Kizimkazi na Nungwi huwaona.

*Mwisho wa kusi na vuli, mwisho wa Septemba hadi Desemba.* Kusi inapungua nguvu, na kabla kaskazi haijashika panakuwa na maleleji: upepo mdogo, hauna upande maalumu, bahari imelala. Kisha vuli inaingia, mara nyingi Novemba, ikiwa na mvua fupi kuliko za masika. Desemba embe zinaanza kujaa soko la Darajani.

Ukinishika mkono ukaniambia nikuchagulie bila kujua unalotaka, nitakwambia mwisho wa Septemba mpaka wiki ya tatu ya Oktoba. Joto bado halijapanda, bahari ni shwari pande karibu zote, maji ni angavu, na msongamano wa Julai na Agosti umekwisha. Chaguo langu la pili ni Februari.

Kosa ninaloliona sana: mtu anasoma kwamba Novemba ni mvua, anafuta safari. Kuna miaka vuli inachelewa na Novemba yote inakuwa kavu, na kuna miaka inaanza mapema kwa nguvu. Kabla hujafuta, soma utabiri wa vuli wa TMA wa mwaka huo. Kazi yake ndiyo hiyo.

Na vimbunga? Viko mara chache mno, kwa sababu tuko karibu sana na ikweta. Lakini havikosekani kabisa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu. Karibuni zaidi, Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipita kuelekea Mafia na boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Matukio yote mawili yaliangukia masika. Ukija Aprili au Mei, acha siku mbili za akiba kabla ya kurudi kazini.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kisiwa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami nadhani ina uzito kuliko mwezi wenyewe. Unguja ni ndogo. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60. Lakini siku moja, saa moja, Kendwa bahari inaweza kuwa kama mafuta kwenye sahani, na Paje mchanga unakuchapa miguu.

Kusi ikivuma, inapiga kusini na mashariki: Kizimkazi, Makunduchi, Jambiani, Paje, Bwejuu. Kaa Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi kama unataka kuogelea kwa utulivu. Kama umekuja kucheza na tiara zile kubwa zinazovuta watu majini, basi kinyume chake: Paje wakati wa kusi ndipo mahali pako.

Kaskazi ikivuma, pwani za Matemwe, Pwani Mchangani na Kiwengwa ndizo zinazopokea upepo na mawimbi, na majani ya bahari hutupwa ufukweni kwa wingi. Kusini kunapoa. Huu ndio wakati mzuri wa pomboo wa Kizimkazi na wa kuzunguka visiwa vidogo vya Ghuba ya Menai kutoka Fumba.

Onyo la pomboo: wakati wa kusi utaambiwa na kijana wa ufukweni kwamba "bahari iko sawa tu". Nenda utazame mwenyewe asubuhi saa kumi na mbili. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi tangu alfajiri, mchana vitazidi. Ahirisha. Na ukienda, usikubali nahodha awafukuze pomboo kwa mashine. Mwambie azime na msubiri.

Hatua ya 4: Hesabu maji

Upepo unakupa mwezi. Mwezi wa angani unakupa siku. Hapa ndipo walipokosea wale maharusi wangu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ni maji mafu, na tofauti hushuka mpaka karibu mita 1.

Sasa chukua kalenda yako ya Kiislamu.

- Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17: bamvua.
- Tarehe 7 hadi 10 na 21 hadi 24: maji mafu.
- Zilizobaki: katikati, yanapanda kuelekea bamvua au yanashuka kutoka humo.

Saa nazo zina mpangilio wake. Siku za bamvua, hapa kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo ukifika maji mafu mambo yamegeuka: yanajaa asubuhi saa nne au tano, yanapwa alasiri.

Tuchukue mfano. Una siku saba, unafika tarehe 12 ya mwezi wa Kiislamu na kuondoka tarehe 18. Bamvua imekuangukia katikati. Ukikaa Jambiani, Paje, Bwejuu, Uroa au Matemwe, ambako pwani ni pana na imelala, asubuhi hutaogelea. Panga asubuhi zako kwa msitu wa Jozani na kima punju, kwa kutembea mpaka mashamba ya mwani, kwa Mjini. Baharini uingie kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama. Ni ratiba nzuri sana kama umeijua mapema.

Ukifika tarehe 6 na kuondoka tarehe 12, una maji ya kuogelea saa za mchana, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kwa wenye watoto wadogo hizi ndizo siku za kuzitafuta.

Ukikaa Nungwi au Kendwa, kina kiko karibu na unaweza kuogelea karibu saa zote. Ndiyo sababu hoteli za huko ni ghali. Lakini nitakuambia kitu kama mtu wa mashariki: bamvua ndiyo siku pwani yetu inapoishi. Mama zangu wanashuka na kamba na magunia, wazee wanachokoa pweza kwenye mwamba, watoto wanaokota chaza. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya watu, na siyo maji peke yake, akae mashariki siku za bamvua kwa makusudi.

Usifanye hivi: usiweke nafasi ya safari ya kuona samaki kwa kutazama saa ya hoteli tu. Muulize nahodha, "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Akikujibu hapo hapo bila kutazama popote, una nahodha. Akianza kubabaika, tafuta mwingine.

Hatua ya 5: Tazama Ramadhani na sikukuu

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mnamo tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Hii ina maana kwamba kwa sasa inaangukia kwenye kiangazi, ule msimu mzuri wa bahari.

Je, uje? Njoo, lakini kwa kujua. Mchana migahawa ya mitaani imefungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia watu heshima, hata kama wewe hufungi. Hoteli hupikia wageni wake ndani. Muziki unapungua. Usiku lakini, mji unaamka: tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, na Darajani inajaa watu wa kununua nguo za Idd mpaka saa sita. Ukialikwa futari, usikatae. Sikukuu ya Idd yenyewe ina raha yake, ila boti zinajaa siku tatu kabla na siku tatu baada, kwa hiyo tiketi ikatwe mapema.

Matamasha ni haya ya kuyaweka akilini. Sauti za Busara, tamasha la muziki, kwa kawaida huwa Februari. Tamasha la filamu la nchi za jahazi huwa katikati ya mwaka, kwenye miezi ya kusi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi huwa Julai karibu na mwisho, na huo usiukose kama uko kisiwani: wanaume wanachapana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, na mgeni yeyote anakaribishwa kula. Tarehe 12 Januari ni Sikukuu ya Mapinduzi, na mji hujaa wiki nzima.

Hatua ya 6: Amua utavukaje

Kutoka Dar boti za kasi huchukua kama saa mbili. Kaskazi na maleleji, hata mtoto analala njia nzima. Kusi, hasa Julai na Agosti, panda boti ya asubuhi, kwa sababu upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Kaa katikati, chini, kuelekea nyuma. Kula kidogo, kitu kikavu, na tafuna tangawizi. Dawa ya kichefuchefu inamezwa nusu saa kabla ya kuondoka. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Kwenda Pemba ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize. Kati ya Unguja na Pemba kuna mkondo wa Nungwi, na kusi ikivuma dhidi ya mkondo ule bahari hunyanyuka. MV Spice Islander ilizama katika njia hiyo tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, bahari imechafuka. Tazama tarehe hizo: zote ni za kusi. Hakuna nyumba katika visiwa hivi isiyojua aliyepotelewa na mtu.

Mimi niliwahi kumpandisha mama boti ya Pemba mwezi wa Julai, tukiwahi harusi. Tulipouliza kwenye dirisha la tiketi tukaambiwa bahari shwari. Baada ya Nungwi hakuna abiria aliyeweza kusimama. Mama alinishika mkono akasoma dua mpaka Mkoani, na kwa siku mbili za harusi hakuweza kula vizuri. Tangu siku hiyo sheria yangu ni hii: kusi ikiwa na nguvu, wazee, wajawazito na watoto wadogo waende Pemba kwa ndege. Ni kama nusu saa tu mpaka Chake Chake. Na boti yoyote, msimu wowote, ukiona watu wamekaa mpaka kwenye njia za kupitia, shuka.

Pemba yenyewe, ukiniuliza msimu, ni Oktoba au Februari kwa kisiwa cha Misali na kwa kuzamia. Vumawimbi na msitu wa Ngezi wenye popo wakubwa wa Pemba ni pazuri miezi yote isipokuwa masika, kwani barabara za udongo huwa mbaya. Kuanzia katikati ya mwaka karafuu huanza kuchumwa, na mwaka ukiwa na mazao utapita vijijini majamvi yameanikwa nje kila nyumba na harufu inakufuata mpaka ndani ya gari. Usikanyage jamvi, wala usiegeshe gari juu yake.

Hatua ya 7: Weka nafasi, kwa maswali haya

Bei hupanda kuanzia Krismasi hadi mwanzo wa Januari, na Julai na Agosti. Hushuka sana masika. Katikati ya hapo unaweza kuzungumza na mwenyeji.

Piga simu uulize: Pwani yenu inaelekea wapi? Tarehe hizi maji yanajaa saa ngapi? Msimu huu majani yanatupwa? Bwana au bibi wa upande wa pili akikujibu kwa ukweli, hata kama jibu silo ulilotaka, kaa kwake. Sisi tumewahi kuwaambia watu wasije kwetu Agosti kwa sababu walitaka bahari tulivu ya watoto, tukawaelekeza Kendwa. Walirudi kwetu Oktoba.

Kama unatoka bara, beba kitambulisho. Kama unatoka nje ya Tanzania, ulizia bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024, uikate kabla ya kufika.

Hatua ya 8: Siku tatu kabla ya kuondoka

Soma taarifa ya TMA. Tafuta maneno mawili: upepo mkali na mawimbi makubwa. Yakiwepo kwa siku yako ya kuvuka, sogeza tiketi siku moja mbele. Kisha mpigie yule mtu wa pwani umuulize, "Leo ngalawa zimetoka?" Kama wavuvi wamekaa pwani wanashona nyavu, hiyo ni habari tosha.

Mambo yakienda kombo

*Likizo yangu ni Aprili tu, kazini hawanipi mwezi mwingine.* Njoo, ila ugeuze safari iwe ya mji na mashamba. Kaa Mji Mkongwe ambako ukinyeshewa unaingia baraza ya mtu yeyote ukangoja. Nenda mashamba ya viungo Kizimbani asubuhi. Weka siku mbili za pwani bila kulipa mapema, uzitumie jua likitoka. Bei nafuu isikudanganye ukalipia wiki nzima ya ufukweni.

*Nimefika, ufukwe umejaa majani.* Yamekuja na upepo, na huondoka kwa upepo au kwa bamvua inayofuata. Yanayooza ndiyo yanayonuka. Yale mabichi hayana madhara. Chukua daladala uvuke upande wa pili wa kisiwa kwa siku hiyo.

*Boti imeahirishwa na kesho natakiwa kazini.* Usitafute dau wala mashua ya mizigo ya kukuvusha usiku. Jaribu ndege, ikishindikana piga simu kazini. Kama mamlaka wamezuia vyombo, wamezuia kwa sababu.

*Mvua imenishika ndani siku mbili.* Muulize mwenyeji akufundishe kupika urojo au pweza wa nazi. Mama amepata marafiki wa kudumu namna hiyo.

*Bahari imekwenda na mimi nimeshafika.* Vaa viatu vya maji, kwa sababu miambani kuna viumbe wenye miiba myeusi mirefu. Beba maji ya kunywa na kofia. Fuata njia wanazopita wenyeji, pita kando ya kamba za mwani, usizirukie, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Ukiona maji kwenye vijito vya mchanga yameanza kukimbia kuelekea nchi kavu, geuka wakati huo huo, kwa sababu hujaa kwanza nyuma yako.

Yule bibi harusi wa Dodoma ndivyo nilivyomwambia. Alimwacha mumewe kwenye kivuli, akajifunga kanga ya mama yangu, akafuatana na shangazi mpaka kwenye mwani. Saa saba walirudi wakiwa wameshika gunia moja, huku na huku, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya chumvi, anaeleza namna ya kufunga kishina kwenye kamba kisikatike. Saa kumi alasiri maji yalipogonga ngazi ya pili, mumewe alikuwa wa kwanza kuingia.